Kwa Wawira, Aliyetupikia Bakwiti

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeumba nafaka zote, zile tunazozijua kwa majina na zile tunazozila tukiwa wageni kwazo, naanza barua hii. Amani yake ikufikie kabla ya maneno yangu.

Mpendwa mkaza mwana wangu Wawira,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba wewe na watu wa nyumba yako huko Embu mmeamka salama. Sisi huku Kibirichia tungali hai kwa neema. Ukungu bado unashuka alfajiri na kukaa juu ya viazi mpaka jua lipate nguvu, na mama yako mkwe bado anaamka kabla yangu, ingawa siku hizi akiamka hajui ni siku gani, wala ni mwezi wa kupanda au wa kuvuna.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha niliyofundishwa na walimu wa misheni nikiwa kijana, kwa kuwa barua hii haitakuwa yako peke yako. Itasikiwa na wengine, na sababu yake nitaieleza nikifika mahali pake. Mimi ni mzee sasa, na mzee hupanda kilima akipumzika njiani. Niruhusu kwanza nikumbuke.

Nakumbuka siku ulipoileta bakwiti. Mwaka ulikuwa haujaisha tangu Mwenda, mwana wangu wa pekee, akulete nyumbani kuwa mkewe. Ulikuwa ukifanya kazi katika shamba lile kubwa la ngano kule chini, na baada ya mavuno mwenye shamba alipanda mmea mwingine ili kupumzisha udongo na kulisha nyuki. Wafanyakazi waliruhusiwa kufagia masalio. Ulirudi na kimfuko cha nafaka nyeusi yenye pembe tatu, ndogo kama punje za mtama, ukakiweka mbele ya mama yako mkwe. Naye wakati huo alikuwa katika huzuni, maana kule zahanati walikuwa wamemwambia kwamba tumbo lake haliwezi tena ngano. Chapati aliyoipenda, mkate, mandazi ya Jumamosi, vyote vilikuwa vimemkimbia kwa siku moja.

"Mama, shambani wanaiita bakwiti," ulimwambia. "Msimamizi amesema si ngano hata kidogo. Haitakusumbua."

"Bakwiti," alirudia, akiigeuza kiganjani. "Jina kama la askari wa chifu. Na mbona ina pembe? Inataka kunitoboa matumbo?"

"Pembe ni za ganda tu, mama. Lazima itolewe ganda, halafu..."

"Wawira, mimi nimepika nafaka tangu mama yako hajaota meno. Niachie."

Nasi sote tukamwachia, jambo ambalo lilikuwa kosa letu la kwanza. Aliifanyia bakwiti kile ambacho mwanamke yeyote wa mlimani angeifanyia nafaka ngumu. Aliiloweka jioni, na asubuhi akaiinjika juu ya mafiga pamoja na kipande cha magadi, ikachemka tangu chai mpaka saa nane, kama mahindi na maharagwe. Akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwa maombi siku hiyo, naye alitaka waonje kitu kipya. Sufuria ilipofunuliwa, ndani hamkuwa na nafaka tena. Mlikuwa na kitu cheusi kinachovutika, na maganda yakielea juu yake kama kunguni. Akina mama walishika sahani zao kwa adabu, wakatazamana.

"Mama Mwenda," mmoja wao akauliza polepole, "hii ni ya kula ama ni ya kuziba bati?"

Mwenda alicheka mpaka akatoka nje. Nawe ulibaki umeinamisha uso, mabega yakikutetemeka, na sikujua kama unalia au unacheka. Kisha mama yako mkwe mwenyewe akaangua kicheko, akakushika mkono mbele ya wote na kusema, "Haya, mtoto wa Embu. Nifundishe."

Hapo ndipo siku zile njema zilipoanza, na hapo ndipo mimi pia nilipojifunza, ingawa hakuna aliyenifundisha. Unajua desturi yetu. Baba mkwe haingii jikoni mkaza mwana wake akiwa ndani. Benchi langu lilikuwa nje, limeegemea ukuta wa mabanzi, na hapo ndipo nilipokaa na Biblia yangu Jumamosi alasiri, nikitayarisha mafundisho ya Jumapili. Sikuwahi kuyaona yaliyotendeka ndani. Niliyasikia. Na leo, nikifumba macho, nayasikia bado, yakinijia kutoka mbali kama wimbo wa kanisa la ng'ambo ya bonde.

Kwanza yalikuja maji ya moto yakimwagwa juu ya nafaka, na mvuke ukapenya kati ya mbao ukiwa na harufu ya udongo ulionyeshewa. Kisha kimya kirefu, wakati bakwiti ikianikwa juu ya gunia uani. Kisha kinu. Michi miwili, wako na wake, ikipokezana kwa mkono mwepesi, maana ulikuwa umemwambia kwamba tunapasua ganda tu, punje tuiache nzima. Kisha uteo, ule mvumo wa kupepeta unaofanana na mbawa. Na baada ya hapo sauti niliyoipenda kuliko zote, punje kavu zikikaangwa bila mafuta, zikigongana taratibu katika sufuria mpaka zinukie kama karanga. Maji yaliingia kwa kishindo kimoja. Kifuniko kikawekwa. Makaa yakapunguzwa.

"Sasa usiguse, mama," nilikusikia ukisema.

"Nisiguse? Chakula kisichoguswa kitajuaje kwamba kinapikwa?"

"Kinajua."

"Huko kwenu Embu mnapika kwa imani tu."

"Na hapa je? Si ndiyo nyumba ya mwalimu wa dini?"

Mlicheka, nami nikacheka peke yangu nje, nikijifanya nimeona kitu katika Maandiko. Kisha ninyi wawili mkanyamaza, na kile kimya chenu, Wawira, kilikuwa kimya cha watu wanaoaminiana. Nimekaa katika mikutano mingi ya wazee na ya kanisa. Sikukipata huko kimya kama kile.

Tuliila bakwiti kama wali, pamoja na viazi na mboga za terere, na siku ambazo mama yako mkwe alishindwa kujizuia aliiponda pamoja na viazi akatengeneza mukimo wa rangi ya kahawia ambao hakuna nyumba nyingine Kibirichia iliyowahi kuuona. Tumbo lake lilitulia. Alinenepa kidogo. Alianza tena kuimba akiteka maji.

Tena nakumbuka Jumamosi ile mlipotupeleka kuiona ikiwa imechanua. Tulisimama nyuma ya waya, sisi wanne, na mbele yetu nchi yote ilikuwa nyeupe, maua madogo juu ya mashina mekundu, yakiteremka mpaka macho yalipokoma. Mlima ulikuwa umevua mawingu yake. Nyuki walikuwa wengi hata hewa yenyewe ilikuwa kama inanong'ona. Mwenda aliweka mikono juu ya nguzo ya ua, akasema, "Baba, hii ni shamba ama ni mawingu yameanguka?" Sikumjibu. Mtu akiwa ndani ya furaha hana habari kwamba anapaswa kujibu. Ningelijua, ningelimjibu mwanangu maneno mengi.

Unajua yaliyofuata, na sitakurudisha huko kwa urefu. Mwenda aliugua kwa majuma matatu, na tukamzika upande wa juu wa shamba, penye miti ya mikaratusi. Hamkuwa mmejaliwa mtoto. Ulikaa nasi. Mwaka ukapita, na wa pili, nawe uliendelea kwenda kazini na kurudi, na Jumamosi michi iliendelea kusikika. Mimi nilikaa juu ya benchi langu nikaamini kwamba mambo yatabaki hivyo siku zote. Nilifikiri kwamba maadamu kinu kinalia, nyumba ya mwanangu bado imesimama.

Sasa nimefika mahali pake.

Ulikuja Jumapili, baada ya ibada, ukiwa na shangazi yako. Wazee wa kanisa walikuwa wameketi uani kwangu wakinywa chai, na akina mama walikuwa pale, wale wale. Ulibeba kimfuko kipya cha bakwiti. Ulipiga magoti kwenye nyasi mbele yangu, ukasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Baba, nimekuja kukuaga. Kuna mtu wa kwetu ameniomba tuishi pamoja kwa ndoa. Sitaki kuondoka hapa kama mtu aliyetoroka. Naomba mkono wako."

Ulijua unachoomba. Zamani wazee wetu walionja maji ya asali na kumnyunyizia anayesafiri, na sisi tuliopokea Injili tunaweka mkono juu ya kichwa na kuomba. Kwa Wameru, kama ilivyo kwa Waembu, anayeondoka bila hayo huondoka kama aliyefukuzwa. Watu husema hivyo nyuma yake, na wakati mwingine mbele ya mumewe.

Nami nilisimama. Nilikitazama kitambaa chako cha kichwa, kile cha buluu. Nikasema, "Viazi vinaningoja." Kisha nikachukua jembe lililoegemezwa ukutani, nikaenda shambani.

Siku ya Bwana, Wawira. Mimi ambaye sijawahi kuruhusu hata kuni zichanjwe siku hiyo, niliyemkemea jirani kwa kufunga mbuzi wake wakati wa ibada, nililima mistari miwili ya viazi nikiwa nimevaa koti la kanisani, kanisa zima likinitazama. Hakuna aliyenifuata. Niliporudi, ulikuwa umekwenda, na kimfuko kilikuwa kizingitini. Mama yako mkwe alikichukua, akakifunga kwenye dari ya jiko juu ya moshi, mahali panapowekwa mbegu.

Watu waliponiuliza, niliwaambia kwamba mke aliyeolewa katika boma ni wa boma, na kwamba hiyo ndiyo desturi. Lakini desturi haikuwa na kosa lolote hapo, nami niliitumia kama mtu anavyotumia mlango kujificha. Ukweli ni huu. Wewe ndiwe uliyekuwa umebaki na namna ya Mwenda ya kucheka, ya kuniita, ya kufunga lango kwa teke la kisigino. Nilidhani ukienda, ataenda mara ya pili. Nikachagua kukuumiza wewe uliye hai ili nimshike aliyekwisha kupumzika. Jambo hilo si la desturi na si la imani. Ni choyo cha mzee.

Tangu hapo akili ya mama yako mkwe imekuwa ikimwacha kidogo kidogo, kama ukungu unavyoondoka, leo ukingo huu, kesho ule. Anajua kwamba Mwenda amekufa. Hajui kwamba wewe umeondoka. Kila Jumamosi anauliza, "Wawira amefika na bakwiti?" Mwanzoni nilimweleza. Alilia kana kwamba ndiyo habari mpya, na Jumamosi iliyofuata akauliza tena, akalia tena. Nikaacha kumweleza. Nikasema, "Yuko njiani." Lakini alianza kukataa chakula. Viazi alivisukuma kando. Uji aliuacha ukapoa. Aliketi akitazama lango.

Ndipo nilipoingia jikoni. Hapakuwa na mtu wa kumwonea haya. Nilifungua kile kimfuko, nikasimama katikati ya jiko kama mgeni, nikajaribu kukumbuka nilichokisikia kupitia ukuta. Maji ya moto, kimya, kinu, uteo. Nilitwanga vibaya, nikavunja punje nyingi. Nilikaanga mpaka nikasikia ile harufu ya karanga, nikamwaga maji, nikafunika. Kisha nikaogopa kwamba inaungua. Nikafunua, nikakoroga, nikafunika, nikafunua tena. Nilimpelekea sahani. Alionja kijiko kimoja, akaniangalia kwa macho makali ya ujana wake.

"Huyu si Wawira aliyepika," alisema. "Nani amekoroga?"

"Ni mimi."

"Baba Mwenda, na wewe umeanza kuziba bati?"

Tulicheka, na kwa muda mfupi alikuwa nami kabisa. Lakini hakula.

Jumamosi iliyofuata nilifanya upya. Safari hii, nilipokwisha kufunika sufuria, nilitoka nje nikaketi juu ya benchi, mgongo ukiwa kwenye mabanzi, ili mikono yangu isifike. Jua lilikuwa la alasiri. Nadhani nilisinzia. Nilisikia michi miwili ikipokezana, nikasikia sauti zenu, na kicheko cha Mwenda kikitoka mlangoni, na sikushangaa hata kidogo. Nilipofumbua macho kulikuwa na kimya tu, na moshi mwembamba ukipita kati ya mbao. Niliingia, nikafunua. Punje zilikuwa zimesimama moja moja, kavu, nzima.

Mama yako mkwe alikula. Alikula polepole, akichagua kila punje. Akafika nusu ya sahani, akaweka kijiko, akaniuliza kwa sauti safi, kama mtu ambaye hajapoteza hata siku moja:

"Alipoondoka, ulimpa mkono?"

Wawira, nimefundisha watoto wa kipaimara kwa muda mrefu kuliko umri wako. Nimewaambia kwamba uongo hauna mdogo wala mkubwa. Nami nilimtazama mke wangu, na kijiko kikiwa mezani, na nusu ya chakula ikimngoja. Nikasema, "Nilimpa."

Aliinua kijiko. "Nilijua," akasema. "Kama hukumpa, ningeona haya kula chakula chake."

Akamaliza sahani yote.

Niliketi pale mpaka alipolala. Alipoamka nilikuwa nimekwisha kukata shauri kuungama kwake, nikamwambia, "Mama Mwenda, lile jambo la mkono..." Akanitazama kwa upole, akaniuliza mkono wa nani unauma. Swali lilikuwa limekwisha kumwacha, na msamaha wake pamoja nalo. Tangu siku hiyo anakula vizuri. Anakula juu ya neno langu, na neno langu ni tupu. Madaktari wamenieleza kwamba hatakaa nasi sana. Sitaki aende mbele za Mungu akiwa ameshibishwa kwa uongo wangu.

Kwa hiyo nimebakiwa na njia moja, kulifanya neno langu liwe kweli kabla hajaondoka. Nimewaomba wazee wanipe nafasi Jumapili baada ya ibada, katika ua ule ule, mbele ya wazee wale wale na akina mama wale wale, niisome barua hii kwa sauti. Mama yako mkwe ataketi mbele. Nilikunyima mbele ya watu, na haifai nikupe kwa siri. Nakala hii inakuja kwako kwa mkono wa shangazi yako, ili uisome, na ukipenda, umsomee mumeo.

Usidhani nakuita urudi. Sikuandikii ili uje utupikie, wala ili unijibu. Kama moyo wako bado una uchungu nami, huo uchungu una haki yake, nami sitauharakisha. Ulipiga magoti mara moja, na mara hiyo ilitosha. Leo zamu ya kupiga magoti ni yangu, na magoti yangu yameuma lakini yamekunjika. Mwanangu, nisamehe.

Na sasa, kwa mkono huu uliochukua jembe siku isiyo yake, na ambao Mungu amenihurumia akauacha ukiwa bado na nguvu ya kuinuka, nakubariki.

Mungu aliyekuleta nyumbani kwangu akubariki kwa kuondoka kwako kama alivyokubariki kwa kuja kwako. Hukutoroka. Ulitoka kwangu ukiwa binti, kwa heri na kwa haki, na yeyote atakayesema vinginevyo, aje aulize kwangu. Abarikiwe mume wako, ambaye sijamwona uso, na asipungukiwe na kicheko ndani ya nyumba. Libarikiwe tumbo lako, na watoto watakaotoka humo waniite babu ikiwapendeza. Jiko lako libarikiwe, pamoja na moto wake na mikono itakayosaidiana humo. Mvua ikufikie kwa wakati. Ukiamka, amani iamke nawe, na ukilala, usibebe neno lolote la Kibirichia ambalo si baraka. Na wote watakaosikia maneno haya, wakiwa wamenyima mkono uliokuwa ukingojwa, Bwana awape siku za kutosha kuunyoosha.

Nimesema, na mama yako mkwe ameketi hapa kando yangu, ameshika ncha ya koti langu. Amina.

Ni mimi,
Baba Mwenda, ambaye ni baba yako pia
Kibirichia